Udongo wa Changarawe na Malisho Yake

Katika somo lililopita tulizungumza habari za udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Somo la leo ni la ndugu yake asiyefanana naye hata kidogo, yaani udongo wa changarawe. Huu ni udongo wa mabonde ya milimani na wa miguu ya vilima. Hunywa maji upesi sana, na baada ya siku chache za jua ukiuchimba utadhani mvua haikunyesha. Mifugo mingi ya nchi yetu hupata malisho yake juu ya udongo wa namna hii, kwa sababu mahali penye udongo mzuri zaidi watu wamekwisha lima.

Pengine mtu wa Tegeta ataniuliza: mimi nakaa kando ya barabara ya Bagamoyo, malisho ya milimani yananihusu nini? Nina majibu mawili. La kwanza, wengi wenu mmetoka bara, na huko kwenu kuna ng'ombe na mbuzi ambao kila mara mnapeleka fedha kwa ajili yao, fedha ya dawa na fedha ya mchungaji. Yafaa kujua wanasimama juu ya nini. La pili, hamna haja ya kwenda mbali kuona jinsi mawe yanavyopitisha maji. Kilima cha Wazo ni jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe ya bahari ya zamani sana; ndilo jiwe lililofanya kiwanda cha saruji kijengwe hapo, kikaanza kazi mwaka 1966. Sehemu nyingi za jirani zina mchanga na vipande vya jiwe hilo. Si udongo ule ule wa milimani, maana wazazi wake ni wengine, lakini mbele ya maji tabia yao ni moja. Kwa hiyo tutakwenda bara, kisha tutarudi Tegeta, kwa sababu kuna jambo la visima ambalo sitaki liachwe.

Kwanza tufanye jaribio. Kama mnasikiliza katika kikundi, mwenye kiti achague watu wawili. Chukueni makopo mawili yaliyo sawa, yatobolewe matundu kwa msumari chini yake, na ndani yake mtandike kipande cha kitambaa. Kopo moja lijazwe udongo mweusi wa bondeni uliokauka na kupondwa. La pili lijazwe mchanga uliochanganywa na changarawe, nusu kwa nusu. Chini ya kila kopo wekeni bakuli. Sasa mimineni kikombe kimoja cha maji katika kila kopo, polepole.

Mtaona maji ya kopo la changarawe yanaanza kudondoka mara moja, na sehemu kubwa ya kikombe imerudi bakulini kabla hamjamaliza kusalimiana. Kopo la udongo mweusi hukaa kimya kwa muda mrefu, na likirudisha kitu, hurudisha kidogo. Makopo ni sawa na maji ni sawa. Tofauti i wapi?

Iko katika ukubwa wa punje. Wataalamu wa udongo wamekubaliana kuita changarawe vile vipande vinavyozidi milimita 2. Chini ya hapo ni mchanga. Chini ya mchanga ni tope laini, na mwisho kabisa ni mfinyanzi, ambao punje yake haifiki hata milimita 0.002, yaani hata ukiwa na macho ya kijana huwezi kuiona. Maji ya udongoni hayakai kama maji ya mtungini. Hujishika juu ya ngozi ya kila punje, kama unyevu unaobaki juu ya jiwe lililotolewa mtoni. Basi kadiri ngozi inavyokuwa nyingi, ndivyo maji yanayoshikwa yanavyokuwa mengi. Anayemenya viazi ajua jambo hili vizuri kuliko mwalimu: kilo moja ya viazi vidogo hutoa maganda mengi kuliko kilo moja ya viazi vikubwa. Changarawe ni viazi vikubwa mno. Ina uzito, inajaza nafasi, lakini ngozi yake ni kidogo, na nafasi zilizo kati ya kipande na kipande ni pana, maji hupita humo kama watu katika mlango wa soko.

Na si maji peke yake. Chakula cha mimea nacho hushikwa juu ya ngozi hizo hizo, hasa ngozi za mfinyanzi na za mboji, yaani mabaki ya majani na mizizi yaliyooza. Udongo wa changarawe una mfinyanzi kidogo. Kwa hiyo mvua kubwa ikipita, huchukua chakula na kukishusha chini, mahali ambapo mizizi haifiki. Shikeni neno hili moja, maana ndilo tutakalolitembeza katika somo zima: udongo wa changarawe hauzuii kitu. Hauzuii maji, hauzuii chakula, na kama tutakavyoona mwishoni, hauzuii uchafu.

Sasa tuulize, changarawe hii imefikaje bondeni? Mto unaposhuka mlimani una nguvu, nao huweza kubeba mawe. Ukitoka katika korongo jembamba na kufika mahali pa tambarare, hupanuka na kupunguza mwendo. Mtu aliyebeba mzigo mzito akichoka hutua kwanza kilicho kizito. Mto hufanya vivyo hivyo. Hutua mawe makubwa kwanza, mlangoni mwa korongo, kisha changarawe, kisha mchanga, na tope laini hulipeleka mbali kabisa mpaka chini bondeni. Baada ya maelfu ya miaka panakuwa na mtandazo wa changarawe wenye umbo la kipepeo cha mkono, ncha yake mlimani na upana wake bondeni. Ukisafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, tazama miguu ya milima ya Usambara na ya Upare utakapopita Mombo kwenda Same: upande wa milima utaona mitandazo ya namna hii, pamoja na ng'ombe na mbuzi wanaochunga juu yake katika nchi kavu iliyokingwa na mvua na milima yenyewe.

Habari hii ya udongo kupangika kutoka juu hadi chini ilielezwa vizuri hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1930 alikuwako mtaalamu aitwaye Geoffrey Milne katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Alipozunguka Afrika Mashariki aliona kwamba kila kilima kina mfululizo wa aina za udongo unaojirudia: juu mwamba na udongo mfupi, ubavuni changarawe na mchanga, chini mbuga nyeusi. Mwaka 1935 akaupa mfululizo huo jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Leo neno hilo hufundishwa duniani kote. Lakini wachungaji na wakulima wetu walikuwa wakiujua mnyororo huo kabla yake, wala hawakuhitaji Kilatini: Wasukuma, kwa mfano, wana jina lao kwa karibu kila pete ya mnyororo, luseni kwa mchanga wa juu, itogolo kwa udongo mgumu wa chini yake, mbuga kwa ule mweusi.

Mpaka hapa pengine mnafikiri kwamba udongo wa changarawe ni mbaya kabisa. Sivyo. Nataka kuutetea kidogo, maana umesingiziwa sana.

Mvua ya kwanza inaponyesha, ile ndogo ya kutuliza vumbi, udongo wa mbuga huimeza na kuikamata kwa nguvu hata jani halipati kitu. Lakini juu ya changarawe mvua hiyo ndogo huingia upesi, na kwa kuwa haikushikwa kwa nguvu, mizizi huinywa bila taabu. Kwa hiyo majani huota kwanza ubavuni mwa kilima, wakati mbuga bado ni kijivu. Wachungaji hodari hujua hivyo: mwanzo wa mvua hupandisha mifugo kwenye udongo mwepesi, kisha kiangazi kikiwa kikali huishusha mbugani, ambako unyevu umebaki. Tena, katika nchi yenye mvua chache, maji yaliyoshuka chini upesi yameliepuka jua. Maji yaliyotuama juu ya mfinyanzi huchukuliwa na jua kesho yake. Na mawe yaliyolala juu ya udongo huufunika kama kawa lifunikavyo chakula, yasiache unyevu utoke ovyo. Ndiyo maana migunga, yenye mizizi mirefu, hustawi mahali ambapo mtu akitazama juu haoni ila mawe.

Faida hizi zote, walakini, zina sharti moja, nalo ni mizizi mirefu. Hapa ndipo penye kiini cha somo, basi chukueni kalamu tufanye hesabu.

Udongo wa kichanga, wenye kina cha mita 1, huweza kuwawekea mimea akiba ya maji ya karibu milimita 70. Kama nusu ya udongo huo ni changarawe, akiba hupungua kwa nusu, maana jiwe halinywi. Zabaki milimita 35. Siku ya jua kali majani ya malisho yenye afya huweza kutumia milimita 5. Gawanyeni 35 kwa 5, mnapata siku 7. Yaani nyasi zenye mizizi ya mita moja zaweza kungoja mvua nyingine juma zima zikiwa kijani. Hizo ni nyasi za kudumu, zile zinazochipua kutoka shina lile lile mwaka baada ya mwaka.

Sasa ng'ombe wakae mahali hapo bila kupumzisha ardhi. Jani ndilo jiko la mmea. Likiliwa kila linapochomoza, mmea hauna chakula cha kupeleka chini, na mizizi hufupika. Mchungaji aona ng'ombe anakula juu. Haoni kwamba chini nako kunaliwa. Tuseme mizizi imefupika ikawa sentimita 30. Akiba ambayo nyasi hizo zaweza kuifikia sasa ni milimita 10 na kidogo tu. Gawanyeni kwa 5. Siku 2.

Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Lakini malisho yaliyoweza kungoja juma sasa hayawezi kungoja zaidi ya siku mbili. Mwenye ng'ombe atasema, "Siku hizi mvua zimepungua." Pengine zimepungua kweli, sikatai, hali ya hewa inabadilika na wakulima wameiona. Lakini kabla hajailaumu mvua, achimbe atazame urefu wa mizizi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja, ni maji ya kujaza mapipa 1,000 ya lita 200. Si haba. Mizizi ya mita moja ingeweza kutumia mapipa 700 hivi. Mizizi ya sentimita 30 inatumia kama 200, na yaliyosalia huteremka na kwenda zake.

Nyasi za kudumu zikifa, huja nyasi za msimu mmoja na magugu ambayo ng'ombe hayagusi. Zikipungua hizo nazo, udongo hubaki uchi. Hapo jambo la pili hutokea, ambalo watu wengi hulisoma vibaya. Matone ya mvua hupiga udongo, hung'oa punje laini na kuzichukua, lakini hayawezi kuchukua changarawe. Mwaka wa kwanza waona mawe machache zaidi. Mwaka wa tano waona mawe mengi. Wazee wengine husema shamba "limeota mawe". Ndugu zangu, mawe hayaoti. Yalikuwamo tangu zamani, ni udongo uliokuwa kati yake ulioondoka. Ukiona mawe yanaongezeka mbele ya nyumba yako mwaka hadi mwaka, ujue unatazama mifupa. Na udongo ulioondoka haurudi upesi: sentimita moja yake huhitaji mamia ya miaka kutengenezwa na mwamba.

Mahali ambapo Watanzania walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa ni Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma. Vilima vya Irangi vilikuwa na misitu. Kwa miaka mingi watu walifyeka kwa ajili ya mashamba na kuni, na pia kufukuza mbung'o, mifugo ikaongezeka, na mvua za huko, ingawa si nyingi, hunyesha kwa fujo. Haki yasemwe: wataalamu waliochunguza wamegundua kwamba mmomonyoko mwingine wa Kondoa ni wa kale mno, wa kabla hata ya ng'ombe kuwa wengi, kwa sababu miteremko ni mikali. Lakini kufikia miaka ya 1970 hali ilikuwa ya kutisha. Miteremko ilibaki changarawe na mawe. Makorongo yalikuwa na kina cha kumeza nyumba, na mchanga ulioshuka ulifukia mashamba ya bondeni na kupanua mito ikawa barabara pana za mchanga mkavu.

Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi mnaujua kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Walijenga matuta, wakapanda miti. Kazi ilikuwa nzuri lakini ng'ombe walikuwa wakipita juu ya matuta hayo. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, wote.

Fikirini amri hiyo ingekufikia wewe. Si kuuza wawili, bali kuondoa wote. Wengine walipeleka mifugo kwa ndugu na marafiki wilaya za mbali, wengine waliuza kwa bei waliyoipata. Watoto walikosa maziwa, mashamba yalikosa samadi, na nchi za jirani zikapata mzigo wa mifugo ya wageni.

Lakini udongo ulijibu, tena mapema kuliko wengi walivyotazamia. Katika miaka michache majani yalifunika miteremko iliyokuwa mitupu, vichaka vikarudi, mito ya mchanga ikaanza kuwa myembamba, na watu wakapata kulima mahali palipokuwa pamekufa. Hakuna mtu aliyeleta udongo mpya wala kupunguza mawe. Kilichorudi ni mizizi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wakaanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini, wanaokatiwa majani na kuletewa, na samadi ikarudi shambani.

Kwa maoni yangu, Kondoa inatufundisha pande mbili, na ni vibaya kutaja mmoja tu. Dawa iliponya udongo, lakini ilikuwa kali kwa wenye mifugo, na ilikuwa kali kwa sababu ugonjwa uliachwa mpaka ukakomaa. Huko Shinyanga mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulishika njia nyingine. Ulikuta Wasukuma wana desturi ya ngitili: kipande cha malisho hufungwa tangu mvua zinapoanza, majani hukua na kuangusha mbegu, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi kikali, tena kwa zamu. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, ikafufuliwa. Angalieni jinsi inavyolingana na hesabu yetu: wakati wa mvua ndio wakati jani linapojenga mzizi, na ndio wakati ngitili imefungwa.

Basi wewe uliye na ng'ombe kwenu juu ya udongo wa changarawe, ufanye nini? Gawanya malisho hata kwa miti ya miiba, upumzishe sehemu moja kila msimu wa mvua. Usiruhusu majani yaliwe mpaka chini. Nusu ya jani iachwe. Mbuzi wasikae mahali pamoja kwa sababu tu ni karibu na nyumba. Samadi usiimwage yote mara moja, maana udongo huu hauna pa kuiweka, na mvua moja kubwa itashusha nguvu yake chini. Tia kidogo kidogo, mara kwa mara, na mbichi usiitie. Mboji ndiyo kitu pekee kitakachoupa udongo wa changarawe ngozi za kushikia maji. Ukitaka kuhakikisha, rudia jaribio la makopo, safari hii uchanganye changarawe na kopo dogo la samadi iliyooza, upime maji yaliyorudi.

Tena usikimbilie kuchimba. Mwaka 1955 watu wa Uluguru walikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Fujo ikatokea na mpango ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, na kazi ya kulazimishwa ilikuwa mojawapo. Lakini sababu moja ilikuwa ya udongo wenyewe. Mahali ambapo udongo mzuri ni ngozi nyembamba, ukichimba ngazi unaizika ile ngozi na kuleta juu kisichoota kitu. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao. Juu ya udongo mfupi ni afadhali mstari wa mawe uliopangwa kukata mteremko, au ukanda wa mabingobingo, kuliko mtaro wa kina.

Ni maji ya milima hiyo hiyo ya Uluguru, yanayokuja kwa mto Ruvu, ambayo hutekwa Ruvu Chini karibu na Bagamoyo na kuletwa kwa bomba kuja Dar es Salaam. Hivyo tumerudi nyumbani, na mnajua kwamba bomba likikauka, watu wa Tegeta hugeukia visima.

Mfinyanzi hupitisha maji polepole, na katika mwendo huo wa polepole maji husafishwa: vijidudu hunaswa, vingine hufa njiani. Changarawe haina subira hiyo. Na jiwe la matumbawe ni baya zaidi, maana lina nyufa na mapango madogo, na maji yakiingia katika ufa hukimbia kama katika bomba. Choo cha shimo kilichochimbwa katika ardhi ya namna hiyo hakijai upesi, na mwenye nyumba hufurahi akasema ana shimo zuri. Lakini yale maji machafu yamekwenda wapi? Hayakupotea. Yamekwenda chini, yalipo maji ya kisima chako au cha jirani.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba choo na kisima vitenganishwe kwa mita 30 au zaidi, choo kiwe upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kisikaribie maji ya chini. Katika udongo wa kawaida mita 30 ni kinga nzuri. Penye changarawe tupu au mwamba wenye nyufa msiitegemee peke yake. Na viwanja vyetu vingi, tuseme kweli, havina hata hizo mita 30 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo kipimo cha choo chako ni jambo la kuzungumza na jirani, si la kuamua peke yako. Maji ya kisima kifupi yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa, hata kama ni maangavu. Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, na Kinondoni ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa. Sisemi kwamba udongo ndio uliokileta. Nasema kwamba vijidudu vya ugonjwa huo husafiri na maji, na ardhi hii huyapitisha. Zizi la ng'ombe na rundo la samadi navyo vihesabiwe kama choo.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kifanye kazi hii. Chimbeni shimo la kina cha goti, upana wa ndoo, mahali pasipo njia ya watu. Kwanza mimineni ndoo moja ya lita 20 mwache iingie yote, ili udongo ulowe. Kisha mimineni ndoo ya pili na mtazame saa: imechukua dakika ngapi mpaka tone la mwisho? Kesho yake chimbeni kando ya shimo hilo mtazame unyevu umefika wapi. Halafu chukueni kopo moja la udongo wa hapo, mlichekeche kwa wavu wa dirisha, na mpime sehemu iliyobaki juu ya wavu ni kiasi gani: robo, nusu, au zaidi. Walio na ndugu bara wawapigie simu wafanye vivyo hivyo kwenye malisho, nao waseme pia mizizi ya nyasi imefika sentimita ngapi. Andikeni hesabu hizo katika daftari la kikundi. Tutaanza nazo katika somo lijalo, ambalo ni habari za udongo wenye magadi.